Tuambieni na habari za boila za manowari Königsberg

Makala yenu ni nzuri, ila mizinga ya meli imesifiwa mno na boila zimepitwa juu juu. Mvuke ndio uliokwamisha meli hii kwetu huku Salale, deltani. Baada ya kuizamisha manowari Pegasus huko Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, mtambo wake uliharibika, na sehemu zake zikakokotwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa. Waliokokota ni Waafrika. Hao hamkuwataja kabisa!

Halafu mnaandika "wangewasha tu waondoke". Wangewasha tu? Boila baridi haiwashwi kama jiko la mkaa. Unaanza na maji: unafungua koki ya chini ya kioo cha kipimo, maji yashuke, kisha unaifunga yapande tena, ndipo uamini unachokiona. Koki ya juu ya boila unaiacha wazi hewa itoke mpaka mvuke uanze kupuliza. Moto uwe mdogo, uliotandazwa, kwa sababu chuma kilicho karibu na moto hutanuka kabla ya kile cha mbali, na maungio yakilegea yanavuja. Boila ya treni inaweza kula siku nzima. Za meli hii, 11 za mabomba ya maji, hupata moto haraka zaidi, lakini zinadai maji safi yasiyo na chumvi, na hapa deltani bahari ikijaa chumvi inapanda mtoni.

Na kioo kikikauka moto ukiwa mkali, usithubutu kuingiza maji. Ondoa moto kwanza.