Kuvu Nyeusi: Jina Linalofumba Macho

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii inaafiki mkasa ulioikumba India mwaka wa 2021. Wimbi la pili la korona lilipokuwa limepamba moto, baadhi ya wagonjwa waliokwisha kupata nafuu walirejea hospitalini wakiwa na maradhi mengine: uso umevimba, pua imeziba, jicho limetokeza na uoni umefifia. Kufikia mwisho wa Juni mwaka huo, zaidi ya visa 40,000 vilikuwa vimeripotiwa, na waliofariki walizidi 3,000. Ugonjwa wenyewe huitwa mukomaikosisi, lakini vyombo vya habari viliutangaza kwa jina la "kuvu nyeusi".

Jina hilo lilienea upesi, likaingia katika Kiswahili bila kupigwa msasa. Waama, lina kasoro mbili, na kasoro hizo si za kiisimu tu. Zinaweza kugharimu maisha.

Kwanza, weusi unaotajwa si rangi ya kuvu, bali ni wa nyama iliyokufa. Kuvu hupenya ndani ya mishipa ya damu na kuiziba, na sehemu isiyofikiwa na damu hufa na kusawijika. Mgonjwa anayesubiri kuuona weusi ndipo aende hospitalini huwa amechelewa. Wakati huo, juu ya kupewa dawa ya amfoterisini B, huenda akalazimika kukatwa sehemu zilizoharibika, pengine hata kung'olewa jicho.

Pili, jina hilo huitupia kuvu lawama yote. Ilhali kuvu za jamii hii zimo kila mahali: udongoni, katika mboji na katika majani yaozayo. Watu huzivuta puani kila uchao wasidhurike, wala mgonjwa hamwambukizi jirani yake. Swali la msingi basi si kuvu imetoka wapi, bali imemkuta nani akiwa hana ngome. Wengi wa wagonjwa wa India walikuwa na kisukari kisichodhibitiwa, na wengi walikuwa wametumia dawa za steroidi. Sukari ikizidi katika damu, chembe nyeupe hulegea. Asidi nayo ikizidi, madini ya chuma huachiliwa na kuilisha kuvu. Steroidi huituliza kinga ya mwili na papo hapo kuipandisha sukari.

Hii si kusema kwamba steroidi ni sumu. Utafiti wa RECOVERY uliofanywa Uingereza mwaka wa 2020 ulidhihirisha kuwa deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, iliokoa maisha ya wagonjwa waliohitaji oksijeni. Utafiti uo huo haukuona manufaa yoyote kwa wasiohitaji oksijeni. Dawa hiyo ikinywewa nyumbani bila agizo la daktari, au kupita kiasi, hugeuka kuwa mlango wa maradhi.

Asidhani msomaji kwamba hayo ni ya ng'ambo pekee. Afrika Mashariki imeujua mkondo huu tangu UKIMWI ulipozuka. VVU huzipunguza chembe za CD4. Zikishuka chini ya 200, na hasa chini ya 100, kuvu iitwayo kriptokokasi, ambayo huvutwa pamoja na vumbi, hupata nafasi ya kufika ubongoni na kuleta homa ya uti wa mgongo. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hupendekeza wagonjwa wa kiwango hicho wapimwe damu kabla kuvu haijajitokeza kwa maumivu ya kichwa. Mwaka wa 2022, shirika hilo liliiweka kriptokokasi katika kundi la kwanza la kuvu zinazohitaji kushughulikiwa kwa dharura. Virusi ni tofauti, kuvu ni tofauti, lakini kanuni ni moja: kirusi hubomoa ukuta, kuvu ikapita.

Hapa ndipo wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili unapoanzia. Lugha hii tayari ina istilahi mbili zinazofaa: kisababishi na kihatarishi. Kisababishi ni kuvu. Vihatarishi ni kisukari kisichotibiwa, steroidi zisizopimwa na kinga iliyodhoofishwa na virusi. Aghalabu yote haya hurundikwa chini ya neno "sababu", na msikilizaji akabaki akikiogopa kitu asichoweza kukiepuka huku akipuuza anachoweza kukidhibiti.

Wapo watakaosema kwamba "kuvu nyeusi" ni jina jepesi na umma umekwisha kulizoea. Ni kweli, na si lazima lifutwe. Hata hivyo, wepesi wa jina si hoja ya kuacha maelezo yake. Mfasiri, mtangazaji au mwalimu anayelitamka aongeze sentensi moja tu: mwenye kisukari aliyetoka kuugua apime sukari yake, asijinunulie steroidi, na akisikia maumivu usoni au kufifia kwa macho amwone daktari siku hiyo hiyo. Istilahi isiyomsaidia mgonjwa kujikinga ni pambo tu, hata ikiwa imesanifiwa namna gani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu wa lugha uko mikononi mwa wasomi wa Kiswahili.