Upelelezi haujakamilika mpaka lini?

NDUGU msomaji, kama hujawahi kukanyaga mahakamani, tunakuomba siku moja uache shughuli zako uende. Usingoje kushitakiwa. Nenda ukae benchi la nyuma, umtazame wakili wa utetezi anavyohangaikia ugali wake.

Utamkuta asubuhi na mapema, baridi ya Mbeya inamng'ata, suti nyeusi mwilini, faili kwapani. Jana alikuwa na kesi Iringa. Akapanda basi, akapita Mafinga, Makambako na Igawa, akaingia Uyole usiku. Kesi ya leo imepangwa saa tatu. Saa tatu inapita. Saa nne karandinga linafika limejaa mahabusu. Saa tano hakimu anaingia, watu wanasimama, jina la mshitakiwa linaitwa. Mwendesha mashitaka anainuka na kusema maneno ambayo kila mlinzi wa mahakama anayajua kwa moyo: "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika. Tunaomba tarehe nyingine."

Hakimu anaandika. Shauri limeahirishwa kwa wiki mbili. Basi! Dakika tatu, siku nzima imekwenda.

Nje mama wa mshitakiwa anamngoja wakili chini ya mti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamesemaje?"

"Wamesema turudi baada ya wiki mbili, mama."

"Wiki mbili tena? Na wewe mwanangu nimekulipa ufanye nini?"

Mama huyo ameuza mahindi ili aweke wakili. Hana makosa kuuliza. Ila ameuliza mlango usio wake, na wananchi wengi hufanya kosa hilo hilo. Wanasema mawakili ni wala fedha, mawakili ni watetezi wa wahalifu. Hatukatai kwamba wapo mawakili wanaopokea ada kisha wasionekane, na wapo wanaoomba ahirisho wenyewe kwa sababu za ovyo. Hao tunawalaani. Lakini ahirisho la "upelelezi haujakamilika" haliombwi na wakili wa utetezi. Linaombwa na serikali.

Tuelezane jambo hili linavyokwenda. Shauri la mauaji huanzia mahakama ya chini ambayo haina mamlaka ya kulisikiliza. Hapo hutajwa tu. Mshitakiwa hatakiwi kujibu lolote, na dhamana hana. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa kama hayo kinapingana na Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Mwaka 2022 sheria ikarekebishwa ili kesi zisifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, lakini makosa makubwa yakaachwa nje ya rekebisho hilo. Yaani yule anayekabiliwa na kitanzi ndiye anayeambiwa aendelee kungoja! Wakili afanye nini hapo? Anaweza kusimama, kulalamika, kukaa.

Wapo watakaotuambia kwamba kesi za mauaji ni ngumu, subira yavuta heri. Sisi tunawajibu kwa mifano ya hapa hapa Nyanda za Juu Kusini.

Mfano wa kwanza. Tarehe 25 Desemba 1971, sikukuu ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na kuuawa shambani kwa mkulima Said Mwamwindi, Isimani. Mwamwindi mwenyewe aliubeba mwili kwa gari mpaka polisi Iringa. Nchi ilitetemeka. Ilikuwa enzi ya chama kimoja, na aliyeuawa alikuwa kigogo wa serikali. Hata hivyo Mwamwindi alifikishwa mbele ya Mahakama Kuu Iringa, akatetewa, hoja kwamba alighadhabishwa kwa matusi ikasikilizwa na kupimwa, kisha akatiwa hatiani na kuhukumiwa kunyongwa. Yote hayo yalimalizika mwaka 1972. Hapakuwa na kompyuta wala simu za mkononi.

Mfano wa pili. Tarehe 2 Septemba 2012, mwandishi wa habari wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa kijijini Nyololo, Mufindi, katika vurugu za polisi na wafuasi wa CHADEMA. Aliuawa mchana, mbele ya macho ya watu, na kamera zikapiga picha. Askari mmoja wa polisi alishitakiwa kwa mauaji. Mahakama Kuu Iringa ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miaka 15. Lini? Julai 2016! Karibu miaka minne. Mjane alingoja. Mshitakiwa naye alingoja, na Katiba ilikuwa inamhesabu kuwa hana hatia. Tulimchukia, lakini haki yake ya kuhukumiwa mapema ilikuwa haki ile ile ya kwako na ya kwangu.

Mfano wa tatu uko Mbeya. Tarehe 30 Desemba 2017, Mbunge wa Mbeya Mjini wakati huo, Joseph Mbilinyi, yule Sugu, alihutubia mkutano wa hadhara. Alishitakiwa pamoja na mwenzake, Emmanuel Masonga, kwa kutoa lugha ya kumfedhehesha Rais. Wakanyimwa dhamana, wakakaa mahabusu gereza la Ruanda. Tarehe 26 Februari 2018 walihukumiwa kifungo cha miezi mitano kila mmoja. Msomaji, hesabu kwa vidole: chini ya miezi miwili tangu siku ya mkutano!

Tunajua kesi ya maneno ya jukwaani si sawa na kesi ya mauaji. Ina mashahidi wachache, na hakimu anayo mamlaka ya kuimaliza. Lakini tunauliza: kumbe upelelezi ukitakiwa kukamilika unakamilika? Kumbe mashahidi hupatikana, faili halipotei, na gari la kuwaleta mahabusu lina mafuta? Kulikoni basi mtoto wa mlalahoi apigwe danadana mwaka hadi mwaka?

Ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 inasema mtu ana haki ya kusikilizwa kikamilifu, na asichukuliwe kama mkosaji mpaka ithibitike hivyo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wanaowasaidia wasio na uwezo. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama, ili mkulima aielewe hukumu yake bila kunong'onezewa na wakili. Hayo ni mema, na tunayapongeza. Lakini itamfaa nini mtu kuelewa Kiswahili cha mahakama, ikiwa Kiswahili chenyewe ni "upelelezi haujakamilika"?

Tunadai mambo mawili. Kwanza, sheria iweke kikomo cha upelelezi hata kwa makosa makubwa. Kikipita, mshitakiwa aachiwe au apewe dhamana. Pili, kila anayeomba ahirisho aeleze mbele ya hadhara ni kazi gani imefanyika tangu tarehe ya mwisho, shahidi gani ameandikwa, kielelezo gani kimepatikana. Wiki mbili zikipita bila kazi, hakimu aandike hivyo.

Na wewe msomaji, mahakama ni ya wazi. Nenda. Ukimwona wakili amekaa benchi tangu asubuhi, usimcheke. Anangoja kwa niaba ya mtu aliye ndani ya karandinga, na kesho mtu huyo anaweza kuwa wewe.