Kufungua Bunge Hakutoshi: Funzo la Wakili wa Birmingham

Mnamo Juni 7, 1832, Uingereza ilipata sheria ya kulirekebisha Bunge lake. Viti vya vijiji vilivyokwisha kuhamwa na watu vikafutwa, na miji mikubwa ya viwanda, ambayo haikuwa na mbunge hata mmoja, ikapewa wawakilishi. Kengele za makanisa zikalia, karamu zikaandaliwa, na wengi wakaamini kwamba safari ya mageuzi imefika mwisho. Wakili mmoja wa mji wa Birmingham, Joseph Parkes, hakuamini hivyo. Ni vyema sisi tunaopenda haki tuyatazame maisha yake, kwa maana yanatufundisha jambo ambalo wapiganiaji wa mageuzi hulisahau kwa urahisi: kwamba uhuru unaweza kutangazwa Bungeni na bado ukanyongwa katika ofisi ya karani wa mji.

Parkes alizaliwa Warwick mwaka 1796. Alijifunza uwakili chini ya wakili wa London, na akiwa kijana huko alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa fikra waliomzunguka Jeremy Bentham, yule mwanafalsafa aliyefundisha kwamba sheria ipimwe kwa manufaa yake kwa watu. Kuanzia 1822 alifanya kazi Birmingham. Hakuwa miongoni mwa wale mawakili wenye mawigi wanaozungumza mbele ya majaji. Alikuwa wakili wa ofisini, mwandishi wa hati na mapatano, mtaalamu wa sheria za uchaguzi. Mtu wa kazi hiyo huyajua maovu ya uchaguzi kama mganga anavyoyajua maradhi, kwa kuyagusa na si kwa kuyasikia.

Ndugu zetu wa makanisani wana sababu ya pekee ya kumfahamu. Parkes alitoka katika madhehebu ya Wayunitari, mojawapo ya makundi ya Wakristo waliokuwa nje ya Kanisa la dola la Uingereza. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1661, mtu hakuruhusiwa kushika cheo katika baraza la mji mpaka awe ameshiriki Meza ya Bwana kwa taratibu za Kanisa hilo. Meza ya neema iligeuzwa kuwa kizuizi cha askari! Katika miaka ya baadaye sheria hiyo ililegezwa kwa misamaha ya kila mara, lakini ilibaki vitabuni hadi 1828. Mkewe Parkes, Elizabeth, alikuwa mjukuu wa Joseph Priestley, mhubiri na mwanasayansi ambaye nyumba yake huko Birmingham iliteketezwa na ghasia za mwaka 1791 kwa sababu ya imani na siasa zake. Katika nyumba ya namna hiyo, neno ubaguzi halikuhitaji kufafanuliwa.

Basi ukaja mwaka 1832. Birmingham, mji wenye watu zaidi ya 100,000, haukuwa na mbunge, ilhali Old Sarum, kilima kitupu, kilipeleka wabunge wawili. Thomas Attwood, mwenye benki, alikuwa ameunda Umoja wa Kisiasa wa Birmingham, na maelfu kwa maelfu walikusanyika katika uwanja wa Newhall Hill. Mwanzoni Parkes hakujiunga na Umoja huo. Kazi yake ilikuwa kuwa daraja, akipeleka kwa mawaziri habari za hasira ya wananchi, na akiwaletea viongozi wa wananchi habari za nia ya mawaziri. Mwezi Mei Baraza la Malodi lilipoukwamisha mswada na serikali ya Grey ikajiuzulu, Parkes aliingia Umoja waziwazi. Siku chache baadaye Wellington alishindwa kuunda serikali, Grey akarudi madarakani, na mswada ukapita.

Hapo ndipo wengi wangekwenda nyumbani kupumzika. Parkes aliuliza swali lingine: Je, mji wenyewe unatawaliwa na nani?

Jibu lilikuwa la kutia aibu. Katika miji mingi ya kale, baraza lilikuwa kikundi kidogo kilichojichagua chenyewe. Mjumbe alipofariki, waliobaki walimteua mrithi wake, na mara nyingi alikuwa ndugu, mkwe au mteja. Walimiliki ardhi na nyumba za mji, walisimamia fedha za sadaka zilizoachwa kwa ajili ya maskini, na baadhi yao walikuwa mahakimu juu ya wale wale waliowatoza. Hesabu hazikuonyeshwa kwa mtu. Mfano ni Leicester. Baraza lake la wakubwa 24 na wadogo 48 lilitumia kiasi cha pauni 10,000 katika uchaguzi wa 1826 ili kuwasaidia wagombea liliowapenda, hata likaweka rehani mali ya mji. Mali ya umma ilitumiwa kuununua uamuzi wa umma. Msomaji ataniambia kama jambo hilo ni geni kwake.

Mwaka 1833 serikali iliunda tume ya kuchunguza mabaraza hayo, na Parkes akateuliwa kuwa katibu wake. Alihamia London, akawa ndiye mratibu wa kazi yote. Makamishna, wengi wao wanasheria vijana, walitawanyika nchini na kuketi hadharani katika miji. Mwananchi yeyote mwenye ushahidi alikaribishwa. Karani wa mji aliulizwa mbele ya majirani zake: Kodi ya soko ilikwenda wapi? Shamba la mji amekodishiwa nani, na kwa bei gani? Nani alikula karamu ile, na nani aliilipia? Mabaraza machache yalikataa kujibu, yakidai kwamba tume haikuwa na uwezo wa kisheria wa kuyalazimisha. Lakini mengi yalijibu, na majibu yao ndiyo yaliyoyahukumu. Ripoti ya Machi 1835 ilihusu miji 285. Wapinzani walisema tume ilikwenda ikiwa na hukumu mfukoni, na hata ndani ya tume Francis Palgrave hakukubaliana na wenzake. Lawama hiyo haikuwa bure, maana Parkes hakuwa mtu asiye na upande. Hata hivyo, mwenye nyumba safi haogopi mgeni kufungua dirisha.

Mwezi Septemba mwaka huo huo sheria mpya ikapatikana. Miji 178 ilipewa mabaraza ya kuchaguliwa. Madiwani wangekaa miaka 3, na theluthi moja yao wangerudi kwa wapiga kura kila mwaka. Wapiga kura wangechagua pia wakaguzi wa hesabu. Kumbukumbu za baraza zingeweza kusomwa na mwenyeji yeyote mwenye kura kwa kulipa shilingi moja. Madaraka ya uhakimu yakatengwa na udiwani, isipokuwa kwa meya. Si maneno ya kusisimua haya. Hakuna atakayeyatungia wimbo. Lakini mkaguzi aliyechaguliwa na mlipa kodi ni silaha kali kuliko hotuba kumi.

Matunda yalionekana upesi. Katika uchaguzi wa Desemba 1835, Leicester iliwaondoa watawala wa zamani, wakabaki wanne tu kati ya madiwani 42. Baraza jipya liliuza kwa mnada vyombo vya fedha na rungu la heshima la baraza la kale. Mameya saba wa kwanza wote walitoka katika kanisa moja la Wayunitari, watu ambao vitabu vya sheria viliwazuia hadi juzi tu. Na karani mpya wa mji, wakili Samuel Stone, alitumikia kwa zaidi ya miaka 30, akaandika mwaka 1842 kitabu cha mwongozo kwa mahakimu ambacho jina lake linajulikana kwa wanasheria hata leo. Hivyo ndivyo wakili wa mji mdogo anavyoweza kulitumikia taifa bila kulitoka jimbo lake.

Lakini, ndugu msomaji, nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo, kwa maana nusu ya pili ya habari hii ndiyo inayotuhusu zaidi.

Sheria ile ilifungua mlango mmoja na kufunga mingine. Baraza la Malodi lilidai wawepo wazee wa mji, robo ya baraza, waliochaguliwa na madiwani badala ya wananchi. Serikali ikakubali kwa masharti ya miaka 6. Malodi wakataka pia diwani awe mtu mwenye mali. Kura ilipewa mwenye nyumba aliyelipa kodi kwa muda wa miaka 3. Kibarua aliyehama chumba hadi chumba akitafuta kazi hakuipata, wala maskini aliyepokea msaada wa parokia mwaka huo. Tena sheria ilitamka wazi kwamba mpiga kura ni mwanamume. Wale wafanyakazi waliojaza uwanja wa Newhall Hill mwaka 1832 walijikuta wamewabeba wengine mabegani mpaka ukumbini, kisha wao wenyewe wakabaki nje kwenye mvua.

Matokeo yalikuja mwaka 1839, tena Birmingham kwenyewe. Mji huo ulikuwa umepata hati yake mwaka 1838, na baadhi ya viongozi wa Umoja wa zamani walikuwa sasa mahakimu na wakuu wa mji. Wafanyakazi walipokusanyika katika uwanja wa Bull Ring kudai kura ya kila mwanamume, ni mahakimu hao waliowaita polisi kutoka London kuwatawanya kwa virungu. Watu waliopanda cheo kwa mikutano ya hadhara wakaivunja mikutano ya hadhara! Ghasia zikafuata, na serikali kuu ikapata sababu: polisi wa Birmingham wakawekwa chini ya kamishna wa serikali hadi 1842. Anayewaogopa watu wake mwenyewe huishia kuwa chini ya mkono wa mkubwa wake.

Parkes hakuwapo Birmingham siku hizo, wala hatumbebeshi mzigo wa virungu vile. Mwaka 1847 alipewa cheo cha mahakama London, cha kukadiria gharama za kesi, akakishika mpaka alipofariki. Lakini deni la sheria aliyoitumikia lilidaiwa nyumbani kwake mwenyewe. Binti yake, Bessie Rayner Parkes, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa harakati ya haki za wanawake Uingereza, na kuanzia 1858 alihariri jarida lililotetea kazi na elimu ya wanawake. Wanawake walipa kodi walipata kura ya mabaraza ya miji mwaka 1869, miaka minne baada ya baba yake kufariki.

Tuseme nini basi? Kuna wanaosema kwamba mwanamageuzi asikubali kamwe sheria pungufu. Mimi sisemi hivyo. Haba na haba hujaza kibaba, na Leicester ya 1836 ilikuwa bora kuliko Leicester ya 1826. Lakini anayekubali haba ana wajibu wa kuandika kwenye daftari ni nani waliobaki nje, na kuwarudia. Asipofanya hivyo, baada ya miaka michache atawaona mlangoni, naye atawaita wahuni.

Neno hili halikuja kwetu kwa meli kama hadithi ya watu wa mbali. Meya, madiwani na karani wa mji tuliorithi katika sheria zetu za serikali za mitaa walitoka katika mfumo uliochongwa mwaka 1835. Tulirithi vyeo upesi. Ukaguzi tukaurithi polepole. Mwaka 1983 baraza la Nairobi lilivunjwa, na jiji likaendeshwa na tume ya kuteuliwa hadi 1992, huku wakazi wakiendelea kulipa kodi. Desemba 1991 kifungu cha chama kimoja kilifutwa, na kama Waingereza wa 1832 wengi tulidhani tumefika. Katiba ya 2010 ilikwenda mbali zaidi: kifungu cha 196 kinaliamuru bunge la kaunti lifanye vikao vyake na vya kamati zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Hapo ndipo swali la Parkes linapotungoja: Je, tunakwenda kuketi katika vikao hivyo? Tunaiomba bajeti na kuisoma? Tunauliza kodi ya soko ilikwenda wapi?

Kila parokia ina mwalimu mstaafu anayejua hesabu. Kila mtaa una kijana aliyesoma sheria na anayetafuta kazi ya kufanya. Kila kikundi cha akina mama kinajua bei halisi ya mfereji wa maji. Wakutane hao, wachague hesabu moja tu ya kaunti yao, waifuate mpaka shilingi ya mwisho, kisha wasome matokeo mbele ya watu. Na watakaposhinda na kuingia ukumbini, waache mlango wazi nyuma yao.