Bodø/Glimt: Klabu ya kaskazini iliyofungiwa mlango, sasa yaingia Ligi ya Mabingwa Ulaya

Mwaka 2025 Bodø/Glimt ya Norway ilifuzu kwa mara ya kwanza katika historia yake kucheza hatua ya ligi ya Ligi ya Mabingwa barani Ulaya, baada ya kuiondoa Sturm Graz ya Austria kwa jumla ya mabao 6-2. Katika mechi ya marudiano ilifungwa mabao 2-1 nchini Austria, lakini matokeo hayo hayakubadili chochote. Kazi ilikwisha kukamilika wiki iliyotangulia mjini Bodø, ambako Waustria walirudi kwao wakiwa wamefungwa mabao 5-0.

Kwa kufuzu huko, Norway ilipata tena mwakilishi katika mashindano makuu ya klabu za Ulaya baada ya miaka 18. Mara ya mwisho ilikuwa msimu wa 2007, kupitia Rosenborg ya Trondheim. Kabla ya Bodø/Glimt, ni klabu mbili tu za Norway zilizowahi kufika hatua hiyo: Rosenborg yenyewe, na Molde mwaka 1999. Wala hakuna klabu yoyote kutoka mji ulio ng'ambo ya mstari wa Aktiki, kule ambako jua la kiangazi halizami usiku, iliyokwisha kufanya hivyo.

Lakini habari hii ina uzito unaozidi matokeo ya mechi mbili. Ni habari ya eneo ambalo kwa miongo mingi lilihesabiwa kuwa halistahili kushindana na wenzake, na ambalo leo ndilo linaloongoza. Aidha, inaibua swali ambalo soka ya Norway italazimika kulijibu: je, klabu iliyoteseka kwa kukosa usawa itaweza kutajirika bila kuubomoa usawa huo kwa wengine?

Mji mdogo mwisho wa reli

Bodø ni mji wa bandari katika mkoa wa Nordland, ambako reli inayotoka Trondheim kuelekea kaskazini hufikia kikomo chake. Manispaa yake ina wakazi zaidi ya 50,000. Uwanja wa San Siro wa Milan, ambao Bodø/Glimt imewahi kuuchezea, una viti zaidi ya 75,000. Maana yake, watu wote wa Bodø wangeweza kuketi humo na nafasi zikabaki. Uwanja wa nyumbani wa klabu hiyo, Aspmyra, huchukua watazamaji wapatao 8,000 na umetandikwa nyasi bandia, kwa kuwa nyasi za kawaida hazistahimili majira ya baridi ya huko.

Klabu ilianzishwa mwezi Septemba mwaka 1916 kwa jina la Glimt, neno la Kinorway lenye maana ya mmeto au mwanga unaomulika mara moja. Jina la mji liliongezwa mwaka 1948. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, hata hivyo, mwanga huo haukuruhusiwa kuonekana mbali. Klabu za kaskazini hazikukubaliwa kushiriki Kombe la Norway hadi mwaka 1963. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba kiwango chao kilikuwa cha chini na safari zilikuwa ndefu mno.

Mlango wa ligi kuu ulifunguliwa kwa kuchelewa zaidi. Klabu ya kwanza ya kaskazini kucheza ligi kuu ilikuwa Mjølner ya Narvik, mwaka 1972. Hata baada ya hapo masharti hayakuwa sawa: bingwa wa kundi la kaskazini katika daraja la pili hakupanda moja kwa moja kama mabingwa wa makundi ya kusini, bali alitakiwa kwanza kushinda mechi za mtoano.

Bodø/Glimt iliyaonja masharti hayo kwa uchungu. Iliongoza kundi lake mwaka 1974 na tena mwaka 1975, na mara zote mbili ikabaki ilipokuwa. Ila mwaka huo huo wa 1975, ikiwa bado timu ya daraja la pili, ilikwenda Oslo na kutwaa Kombe la Norway kwa kuifunga Vard ya Haugesund mabao 2-0. Kwa hiyo klabu iliyoambiwa haijafikia kiwango cha ligi kuu ilirudi nyumbani na kombe la taifa, ikiwa klabu ya kwanza ya kaskazini kufanya hivyo. Ilipanda daraja mwaka uliofuata, na mwaka 1977, katika msimu wake wa kwanza wa ligi kuu, ikamaliza katika nafasi ya pili.

Katika kikosi cha miaka hiyo alikuwamo Harald Berg, mshambuliaji aliyekuwa amecheza soka ya kulipwa nchini Uholanzi. Mwanawe Ørjan aliichezea klabu hiyo hiyo, na leo mjukuu wake, Patrick Berg, ndiye nahodha wa safu ya kiungo. Kwa watu wa Bodø, ukoo huo ni kumbukumbu hai inayowaunganisha na zama ambazo kaskazini ilikuwa ikibisha hodi.

Miaka ya kupanda na kushuka

Mafanikio ya awali hayakudumu. Katika miaka ya 1980 klabu iliporomoka hadi daraja la tatu. Ilirudi juu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1993, ikiwa imetoka tu kupanda daraja, ilitwaa Kombe la Norway kwa mara ya pili na kushika nafasi ya pili katika ligi. Kisha ikafuata miaka mingine ya kushuka na kupanda.

Pigo kubwa lilikuwa la fedha. Karibu mwaka 2010 klabu ilikaribia kufilisika, na wachezaji wakakaa bila mishahara. Wakazi ndio walioinusuru. Walichangishana, wakakusanya chupa tupu ili kurudishiwa amana zake, na wavuvi wakatoa samaki ili wauzwe kwa manufaa ya klabu. Jambo hili lisichukuliwe kuwa kisa cha kusisimua tu. Nchini Norway, kama ilivyo Sweden, kanuni huwataka wanachama wawe na sauti ya mwisho katika klabu yao. Tajiri kutoka nje hawezi kuinunua na kuitawala. Hivyo klabu inapozama hakuna mwekezaji wa kuiokoa, na inapofaulu hakuna mmiliki wa kuondoka na faida.

Mwaka 2016 ilishuka tena daraja. Hakuna aliyedhani wakati huo kwamba miaka minne tu baadaye ingekuwa bingwa.

Kilichobadilika

Mwaka 2017 klabu ilianza kufanya kazi na Bjørn Mannsverk, aliyekuwa rubani wa ndege za kivita. Bodø ilikuwa kituo kikuu cha ndege za F-16 za jeshi la Norway, na marubani wa huko walikwisha kufunzwa namna ya kutuliza akili katika hali ya hatari. Mannsverk aliwaletea wachezaji mafunzo hayo: kukaa kimya na kutafakari, kusema wazi juu ya hofu zao, na kukusanyika kwa duara uwanjani pindi wanapofungwa bao ili kuzungumza kabla ya mchezo kuendelea. Wapo wachezaji waliolipokea jambo hilo kwa mashaka, lakini baadaye likawa sehemu ya maisha ya timu.

Mwaka 2018 Kjetil Knutsen, aliyewahi kufundisha Åsane, klabu ndogo ya Bergen, alikabidhiwa timu kama kocha mkuu. Msimamo wake ni kutotangaza malengo ya ubingwa wala idadi ya pointi. Timu hupimwa kwa namna inavyocheza: kukimbia sana, kumnyima mpinzani mpira mapema, na kushambulia kwa kasi pasi baada ya pasi, hata inapokuwa ugenini dhidi ya timu yenye fedha nyingi kuliko yake.

Matunda yalionekana upesi. Mwaka 2019 ilikuwa ya pili. Mwaka 2020, katika msimu uliochezwa karibu bila mashabiki kutokana na janga la korona, ilitwaa ubingwa kwa pointi 81 katika mechi 30, ikafunga mabao 103 na kuiacha Molde iliyoshika nafasi ya pili kwa pointi 19. Lilikuwa taji la kwanza la ligi kuu kwenda kaskazini mwa Norway. Mataji mengine yakafuata mwaka 2021, 2023 na 2024.

Ulaya ilizinduka tarehe 21 Oktoba 2021, Bodø/Glimt ilipoifunga AS Roma mabao 6-1 katika uwanja wa Aspmyra. José Mourinho, kocha wa Roma, alikuwa amewapumzisha wachezaji wake wengi wa kawaida. Hata hivyo, hakuna timu aliyoifundisha kabla ya hapo iliyowahi kufungwa mabao sita katika mechi moja. Msimu wa 2024/25 klabu ilikwenda mbali zaidi katika Ligi ya Europa. Iliiondoa Lazio kwa mikwaju ya penalti mjini Rome na kuwa klabu ya kwanza ya Norway kufika nusu fainali ya mashindano ya Ulaya. Safari yake ilikatizwa na Tottenham ya Uingereza, ambayo hatimaye ilitwaa kombe.

Jambo jingine lililoijenga ni biashara ya wachezaji. Jens Petter Hauge alifunga bao dhidi ya AC Milan katika San Siro mwaka 2020, na siku chache baadaye Milan ikamnunua. Victor Boniface, kijana kutoka Nigeria, alikuzwa Bodø kabla ya kuuzwa Ubelgiji na kisha kuwa bingwa wa Ujerumani na Bayer Leverkusen mwaka 2024. Faris Moumbagna wa Cameroon aliuzwa Marseille. Mara nyingi fedha zilizopatikana zilitumiwa kuwarejesha waliokwisha kuielewa timu. Patrick Berg alikwenda Lens ya Ufaransa na kurudi katika mwaka mmoja. Hauge naye alirejea mwaka 2024.

Fedha na hatari yake

Kwa kuingia tu katika hatua ya ligi, kila klabu hupata takriban euro milioni 18.6 kutoka Shirikisho la Soka la Ulaya, UEFA. Kila ushindi huongeza euro milioni 2.1. Kwa Manchester City au Real Madrid, kiasi hicho ni sehemu ndogo ya bajeti. Kwa ligi ya Norway ni fedha zinazoweza kubadili uwiano wote. UEFA hugawa pia kiasi fulani kwa klabu zisizoshiriki, lakini mgawo huo hauwezi kulinganishwa na anachopata mshiriki mwenyewe.

Norway imewahi kuyaona haya. Kati ya mwaka 1992 na 2004 Rosenborg ilitwaa ubingwa mara 13 mfululizo. Ilicheza Ligi ya Mabingwa misimu minane mfululizo kuanzia 1995, na mwezi Desemba 1996 iliifunga Milan mabao 2-1 katika San Siro. Fedha za Ulaya ziliiwezesha kuwachukua wachezaji bora wa wapinzani wake, na ubora huo ukairudisha tena Ulaya. Taifa lilijivunia, lakini mbio za ubingwa nyumbani zilipoteza ladha.

Je, Bodø/Glimt itafuata njia ile ile? Dalili zipo. Ilitwaa mataji manne katika misimu mitano kati ya 2020 na 2024, na sasa fedha zake zinakaribia kuwa za daraja jingine kabisa. Lakini zipo pia sababu za kutokata tamaa. Molde ilitwaa ubingwa mwaka 2022, na mwaka 2025 Viking ya Stavanger iliwania taji. Historia ya Rosenborg yenyewe ina funzo la pili: haijatwaa ubingwa tangu mwaka 2018. Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini.

Aidha, manufaa ya mafanikio haya hayaishii Bodø. Pointi ambazo klabu moja huzikusanya Ulaya huhesabiwa kwa nchi nzima, na ndizo zinazoamua ni klabu ngapi za Norway zitashiriki na zitaanzia raundi gani. Ushindi wa Bodø/Glimt dhidi ya Lazio uliwafungulia njia hata wale wanaofungwa nayo kila mwaka nyumbani.

Kilichofuata

Droo ilifanyika Monaco mwezi Agosti 2025. Klabu 36 zilipangiwa mechi nane kila moja, nne nyumbani na nne ugenini. Yeyote aliyepangiwa kwenda Bodø alitarajiwa kukuta uwanja mdogo, upepo wa baharini, na mashabiki wakipunga miswaki mikubwa ya rangi ya njano, desturi iliyozaliwa miaka ya 1970 pale shabiki mmoja alipoongoza nyimbo kwa mswaki.

Haikuwa rahisi kuitabiria klabu hii kufika mbali. Kipimo cha haki zaidi ni kile ilichokwisha kukipata. Nusu karne iliyopita, waliosimamia soka ya Norway walisema kaskazini ni mbali mno na ni dhaifu mno. Umbali haujapungua hata kilomita moja. Kanuni ndizo zilizobadilika, na waliokuwa nje wakaonyesha walichokuwa nacho. Sasa Bodø/Glimt inaketi upande wa wenye nguvu. Namna itakavyoutumia utajiri wake mpya, na namna wenzake watakavyopata nafasi ya kuifikia, ndiyo itakayoamua kama mlango uliofunguliwa mwaka 1963 utabaki wazi kwa mji mdogo unaofuata.