Pumzi Zihesabiwe Kabla ya Vidonge

Katika maduka ya dawa ya Nyasubi, kama ilivyo katika miji mingi ya Kanda ya Ziwa, ombi moja husikika mara kwa mara: "Nipatie dawa ya kifua." Anayeomba anaweza kuwa mama aliyembeba mtoto mgongoni, au kijana aliyerejea Kahama kutoka machimboni usiku uliopita. Mara nyingi huondoka na kapsuli chache za rangi mbili, kwa kadiri ya fedha iliyokuwapo mfukoni. Mtoto hakufunuliwa kifua, wala hakuna aliyetazama saa. Ugonjwa ukirudi, lawama humwangukia mgonjwa kwamba hakumaliza dozi. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaliruka kosa la kwanza, ambalo ni kutoa dawa bila kuhesabu pumzi.

Nimonia, ambayo wengi huiita kichomi, ni uambukizo wa mapafu yenyewe. Vifuko vidogo vya hewa, vinavyopitisha oksijeni kwenda kwenye damu, hujaa usaha na majimaji. Mwili hufidia upungufu huo kwa kupumua haraka, na mtoto akizidiwa, sehemu ya chini ya kifua hubonyea ndani kila avutapo pumzi. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 nimonia iliua zaidi ya watoto 740,000 wenye umri chini ya miaka mitano duniani, sawa na asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo. Kwa hiyo anayehimiza uangalifu katika matumizi ya viuavijasumu hasemi kwamba wanaovihitaji wanyimwe. Anachotaka ni kwamba dawa imfikie anayeihitaji, kwa wakati na kwa kiasi chake.

Vimelea vya ugonjwa huu havifanani. Bakteria anayeongoza ni Streptococcus pneumoniae, yaani nyumokokasi, ambaye anaweza kukaa puani na kooni mwa mtoto mwenye afya bila kumdhuru, hadi apate nafasi ya kushuka mapafuni. Wapo pia Haemophilus influenzae aina b. Stafilokokasi, ambaye hujitokeza nyakati nyingine baada ya mafua makali au surua. Na klebsiela, anayewapata zaidi watoto wachanga, watumiaji wa pombe kupindukia na wagonjwa waliolazwa. Tanzania ilianza kutoa chanjo dhidi ya Haemophilus aina b mwaka 2009, na ile ya nyumokokasi mwishoni mwa 2012 na mwanzoni mwa 2013. Mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kadiri chanjo zilivyoenea, sehemu ya nimonia inayoletwa na virusi imezidi kuonekana. Utafiti wa PERCH, uliofanyika katika nchi saba ikiwemo Kenya, kule Kilifi, na kuchapishwa mwaka 2019, ulikadiria kwamba kwa watoto wasio na VVU waliolazwa kwa nimonia kali iliyoonekana katika picha ya eksirei, virusi vilisababisha takribani asilimia 61 na bakteria asilimia 27.

Tofauti hiyo ina maana kubwa katika tiba. Amoksilini, sawa na penisilini, huvuruga ujenzi wa ukuta unaomzunguka bakteria hadi akapasuka. Virusi havina ukuta huo, kwa hiyo mafua hayapungui hata siku moja kwa amoksilini. Bakteria aitwaye mikoplasma naye hana ukuta, ndiyo maana huhitaji dawa ya kundi jingine. Lakini bakteria wengine wote waishio mwilini, wasio na hatia, hukutana na dawa hiyo kila inapomezwa bila sababu. Wanaostahimili ndio wanaobaki na kuzaana.

Kwa kuwa zahanati haina maabara ya kumtambua kimelea ndani ya saa moja, kipimo kilichopo ni saa na macho. Mtoto mwenye kikohozi awe ametulia, kifua kiwe wazi, na pumzi zihesabiwe kwa dakika moja nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya miezi 12, au 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni dalili ya nimonia. Mtoto wa chini ya miezi 2 anayepumua mara 60 au zaidi apelekwe hospitali. Vivyo hivyo mtoto yeyote asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea bila fahamu. Kipimo cha malaria kikionesha vimelea, pumzi zihesabiwe vilevile, maana katika mikoa ya Shinyanga na Geita mtoto mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili. Kipimo hicho kikiwa hakina vimelea, nacho pekee si kibali cha kutoa kiuavijasumu.

Aliyethibitika kuwa na nimonia isiyo na dalili za hatari hutibiwa kwa amoksilini ya kuyeyuka. Kidonge kimoja cha miligramu 250 hutolewa asubuhi na kimoja jioni kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka mmoja. Viwili viwili kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 3. Vitatu vitatu kwa wa miaka 3 hadi kabla ya miaka 5. Tiba huendelea kwa siku 5, na mtoto hurejeshwa kuangaliwa baada ya siku mbili au tatu, au mapema zaidi akizidiwa.

Hapo ndipo hutokea ubishi wa kila siku baina ya mgonjwa na mtoa huduma. Vidonge huonekana dawa hafifu; aliyetoka bila sindano huhisi hakutibiwa. Mtoa huduma aliyechoka, mwenye foleni ndefu nje ya mlango, huona ni rahisi kuchoma seftriaksoni kuliko kueleza. Hata hivyo, mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani, baada ya kupima ushahidi wa tafiti nyingi, lilipendekeza kwamba hata mtoto ambaye kifua kinabonyea, akiwa hana dalili za hatari wala VVU, aweza kutibiwa kwa amoksilini ya kumeza nyumbani baada ya kupimwa. Sindano, jentamaisini na oksijeni ni za mtoto aliyezidiwa. Seftriaksoni imewekwa katika kundi la dawa za kuangaliwa kwa makini, na sababu yake iko karibu: kwa miaka mingi sasa watafiti wa Bugando, Mwanza, wameripoti klebsiela wenye vimeng'enya vinavyoivunjavunja dawa hiyo. Sindano inayochomwa leo kwa kikohozi cha mafua hupunguza nguvu ya ileile itakayohitajika kesho katika wodi ya watoto wachanga.

Kwa watu wa ukanda wa dhahabu, somo hili lina historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, migodi ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ilikusanya maelfu ya vijana kutoka Msumbiji, Nyasaland na kwingineko, wakalala kwa msongamano mabwenini, na wengi wakafa kwa nimonia. Mwaka 1911 Almroth Wright aliitwa kutoka London, na majaribio makubwa ya chanjo dhidi ya nyumokokasi yakafanywa kwa wachimbaji hao. Miaka ya 1970 Robert Austrian alijaribu chanjo mpya kwa wachimba dhahabu wa nchi hiyohiyo, nayo ikaidhinishwa Marekani mwaka 1977. Mwaka huohuo, kutoka Durban, iliripotiwa habari ya watoto wenye nyumokokasi wasiosikia penisilini wala kloramfenikoli. Kinga na usugu vilitangazwa pamoja, katika nchi moja.

Msongamano wa namna ile haujaisha. Kijana anayeshuka duarani au kusaga mawe kwenye karasha hulala na wenzake wengi chini ya turubai moja, na huvuta vumbi lenye silika. Ratiba ya kawaida ya chanjo ya nyumokokasi nchini ni ya watoto, yeye haimfikii. Vumbi hilo pia humweka katika hatari kubwa ya kifua kikuu. Kwa hiyo kikohozi chake kikifika wiki mbili, asiuziwe dozi ya tatu ya kiuavijasumu; apimwe makohozi. Siprofloksasini na ndugu zake ni za kuogopwa zaidi hapa, kwa sababu hutuliza kifua kikuu kwa muda na kuchelewesha utambuzi, huku mgonjwa akiendelea kuwaambukiza waliolala naye.

Wapo wanaosema dawa ya haya yote ni kuwazuia wauza dawa kabisa wasiguse viuavijasumu. Hoja hiyo husahau kwamba kwa familia nyingi zilizo mbali na kituo cha afya, duka la dawa ndilo mlango wa kwanza, na usiku ndilo mlango pekee. Mtoto anayepumua mara 60 kwa dakika hafaidiki na sheria iliyofunga mlango huo. Nchi ilitambua hilo ilipoanzisha maduka ya dawa muhimu mkoani Ruvuma mwaka 2003, yenye wauzaji waliofunzwa na ruhusa ya kuuza dawa chache zilizochaguliwa. Njia ya busara ni kuikamilisha kazi hiyo: kila muuzaji afundishwe kuhesabu pumzi, asiuze nusu dozi, na amwandikie rufaa mwenye dalili za hatari badala ya kumuuzia chochote. Nayo kila zahanati iwe na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, pamoja na amoksilini ya kuyeyuka isiyokatika, maana mgonjwa aliyeambiwa "dawa imekwisha" hurudi dukani kununua kile anachokimudu.

Mgonjwa naye ana haki anayopaswa kuidai. Mama anayeambiwa mtoto wake apewe kiuavijasumu aulize, "Pumzi zake ni ngapi?" Akiambiwa ni za kawaida, akubali kurudi nyumbani na maji ya uvuguvugu, maziwa ya kunyonyesha na maelekezo ya lini arudi. Akiambiwa ni nyingi, anunue au apewe dozi nzima ya siku 5 na kuimaliza hata mtoto akianza kucheza siku ya pili. Kuhesabu huko hakuhitaji mtambo wala umeme, na dakika moja inatosha.