Mwenye Duka Dogo Anunue Programu Gani?



Siku hizi mjini Sumbawanga si ajabu kukuta kompyuta juu ya meza ya duka la vifaa vya ujenzi, kando ya mizani ya misumari. Wapo wanaopita madukani kuuza programu za hesabu, na neno wanalolipenda kuliko yote ni "kamili": programu kamili ya uhasibu, yenye leja, mizania, mishahara, uchakavu wa mali na taarifa za kila namna. Mwenye duka alisikiapo neno hilo huona kwamba kisicho kamili ni kibovu, naye hufungua mkoba. Hapana budi tulitazame jambo hili kwa makini, maana fedha inayotoka katika mkoba huo ndiyo hiyo hiyo ya ada ya watoto.

Programu hizi ni za aina mbili. Iko ya ankara, ambayo kazi yake ni kuandika nani amenunua nini, kwa bei gani, amelipa kiasi gani na amebakiza kiasi gani, basi. Na iko ya uhasibu, kama vile QuickBooks ya Marekani au Tally ya India, ambazo zinajulikana sana nchini mwetu. Hii ya pili imejengwa juu ya kanuni aliyoichapisha mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, mjini Venice mwaka 1494: kila fedha iandikwe mara mbili, inakotoka na inakokwenda. Ni kanuni bora, na biashara ya dunia nzima inaitegemea. Walakini ina sharti lake, nalo ni kwamba kila kitu kiandikwe. Kodi ya pango, nauli ya lori kutoka Tunduma, posho ya kijana wa kupakia, hata zile shilingi elfu ishirini alizochukua mama watoto kwenye droo kwa ajili ya dawa, zote ziingie. Usipoziingiza, mizania itakuonyesha faida isiyokuwapo, nawe utaiamini kwa kuwa imechapwa vizuri.

Ankara haina tatizo hilo. Kila moja ni jambo lililokamilika lenyewe. Ukisahau kuandika nauli ya lori, deni la mteja halibadiliki hata senti moja. Ndiyo sababu ninasema, bila kusitasita, kwamba duka la familia lisilo na mhasibu litapata ukweli mwingi zaidi katika programu ndogo iliyojazwa yote kuliko katika programu kubwa iliyojazwa nusu.

Sasa tazama jinsi biashara ya nyanda za juu za Ufipa inavyokwenda. Mkulima wa Laela, Mpui au Matai anataka bati zake kabla ya mvua za Novemba. Fedha yake imo katika mahindi, maharage au alizeti ambazo bado hazijapandwa. Mwenye duka anayemfahamu humkopesha, kisha husubiri hadi Juni au Julai, pengine zaidi. Tuseme ana wadaiwa thelathini, kila mmoja shilingi 150,000. Hizo ni shilingi 4,500,000 zilizolala vijijini kwa miezi minane au tisa. Ziko wapi katika maandishi? Nyingine zimo katika daftari la mistari: "Mwalimu wa Mpui, bati 12, amepunguza." Amepunguza kiasi gani? Nyingine zimo kichwani mwa mwenye duka tu. Bwana huyo akiugua akalazwa hospitali, mkewe hubaki dukani na daftari asiloweza kulisoma, huku wadaiwa wakimpa pole mlangoni bila kugusia deni.

Hilo ndilo swali la kweli la duka kama hili: nani ananidai mimi, na mimi ninamdai nani, tangu lini? Programu ya ankara hulijibu kwa kubonyeza mara moja, na binti wa kidato cha nne aliye likizo anaweza kufundishwa kuitumia kwa saa moja. Debiti na krediti hazifundishwi kwa saa moja, na asiwepo wa kukudanganya kwamba kompyuta imeziondoa. Imezificha tu.

Wako watakaosema kwamba daftari limetosha tangu enzi za baba zetu. Sina ugomvi na daftari, ilimradi linasomeka na watu wawili. Lakini kumbukumbu zina thamani yake hata mbele ya kodi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilipanga kwamba mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka, asiyetunza kumbukumbu, alipe shilingi 100,000. Anayezitunza alipe asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 5, huyu wa pili alilipa shilingi 30,000. Viwango hubadilika, kwa hiyo uliza ofisi ya TRA viwango vya mwaka huu.

Hapa pana tahadhari moja ambayo wauzaji hupenda kuiruka. Ankara inayotoka katika programu yako si risiti ya kodi. Mashine za risiti za kielektroniki zilianza kwa wafanyabiashara wa VAT mwaka 2010, kisha zikaenea kwa wengine. Ikiwa umetakiwa kutoa risiti hizo, programu haikuondolei wajibu huo, isipokuwa iwe imeunganishwa na mfumo unaotambuliwa na TRA. Mwambie muuzaji akuonyeshe risiti yenyewe ikitoka, si picha yake.

Sitaki kumpoteza yeyote. Ukiwa umesajili kampuni, hesabu zake hukaguliwa na mtaalamu anayetambuliwa na bodi ya NBAA, na ankara peke yake hazitamtosheleza. Mauzo yakikaribia kiwango cha kusajiliwa VAT, ambacho mwaka 2023 kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200, au ukifungua tawi Namanyere, au benki ikitaka mizania ya miaka mitatu, wakati huo nunua hiyo kubwa, na umtafute na mhasibu wake. Kwa ajili ya siku hiyo hakikisha sasa kwamba programu ndogo inaweza kutoa orodha yote ya mauzo na madeni kwa jedwali, ili usianze upya.

Kabla hujalipa, zidisha bei ya mwezi mara kumi na mbili. Zima intaneti uone kama bado inaandika, kwa maana umeme na mtandao hukatika bila kuomba ruhusa. Ingiza wadaiwa wako watano wa kweli, mmoja wao awe yule anayelipa kidogo kidogo, kisha mpe mkeo au mumeo kiti na umwombe akutajie salio la kila mmoja bila msaada wako. Na muuzaji akikataa kukuachia programu wiki mbili za kujaribu, mwambie apite tena baada ya mavuno.