Gesi ya mbio isiletwe kwenye barabara ya Uvira

Kijana makanika wa Songo, mjini Uvira, mwenye simu na mega kidogo, anaweza leo kutazama gari la turbo huko Marekani likiruka kutoka kwenye mstari kama jiwe la manati. Siri mara nyingi ni chupa moja nyuma ya kiti: protoksidi ya azoti, ile gesi ambayo waganga wa meno huitumia kupunguza maumivu na ambayo watu wa mbio huiita nosi. Anayetazama hujiuliza: je, hapa Uvira haiwezekani?

Inawezekana. Ndiyo sababu sherti jambo hili lisemwe mapema.

Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye moteri. Gari likiwa limesimama, moshi ni kidogo na turbo imelala. Shofere anakanyaga, gari linasita, kisha nguvu inakuja kwa ghafla. Mwenye kamyo ya turbo aliyewahi kuondoka na mzigo kwenye mlima wa Ngomo anajua vizuri kusita huko. Nosi inajaza pengo hilo. Oksijeni ni asilimia 36 ya uzito wake, wakati katika hewa ya kawaida ni asilimia 23 hivi. Ikiingizwa pamoja na esansi ya ziada, moto unakuwa mkali, moshi unatoka kwa wingi na turbo inaamka mara moja. Tena inatoka kwenye chupa ikiwa maji, na kwa kuwa huchemka kwenye digrii 88 chini ya sifuri, inapoza hewa inayoingia. Presha ya turbo ikipanda, swichi inakata gesi. Ni akili nzuri, wala si mpya: Wajerumani waliitumia kwenye ndege zao katika Vita vya Pili vya Dunia, ili moteri zisiishiwe nguvu huko juu ambako hewa ni nyepesi.

Lakini Uvira si uwanja wa mbio. Shida ya kwanza ni joto. Gesi hiyo hukaa chupani kama maji mpaka digrii 36 na kidogo tu. Hapo presha imefika karibu bari 72, na joto likizidi inapanda kwa haraka. Katika nchi za baridi wanafunga kifaa cha kuipasha chupa. Ukingoni mwa Tanganyika, gari lililofungwa vioo saa nane mchana linapita kipimo hicho bila kusaidiwa na mtu.

Halafu kuna esansi. Nosi inadai esansi safi yenye nguvu inayojulikana, na kipimo kisichokosea: ikiwa kidogo kuliko gesi, pistoni inatobolewa kwa muda mfupi. Esansi ya kadhafi, iliyotoka kwenye dumu na kupita mikono mingapi hakuna ajuaye, nani ataipima?

Jambo kubwa zaidi ni barabara yenyewe. Mbio hizo hufanyika kwa mita 402, mahali palipofungwa, watu wakiwa mbali na wazima moto wakiwa tayari. Barabara ya kitaifa namba 5 katika bonde la Ruzizi ni tambarare na inavutia mguu wa shofere, lakini ndiyo hiyohiyo ya motari, ya wanafunzi, ya mama wenye mihogo kichwani, ya ng'ombe. Wakaaji wa Sange hawahitaji kuelezwa. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale na kuwaka, na watu zaidi ya 230 wakafa, wengi wao wakiwa wanatazama mpira wa Kombe la Dunia.

Wapo watakaosema kwamba kukataza ni kuua kipaji cha vijana. Hoja hiyo si ya kudharau. Kijana anayeelewa namna nosi inavyoamsha turbo ameelewa moteri kuliko makanika wengi wanaobadilisha vipande kwa kubahatisha. Basi ujuzi huo uelekezwe mahali unapolipa. Turbo nyingi zinazoitwa "zimechoka" zina chujio lililojaa vumbi la bonde, mpira unaovujisha hewa, au mafuta ya moteri yaliyopitisha muda. Kuna pia mashofere wanaopanda mlima kwa nguvu zote, wanafika, wanazima papo hapo, na mafuta yanaungua ndani ya turbo iliyo bado moto sana. Hayo yote yanatengenezwa bila chupa yoyote, na kamyo inaondoka vizuri.

Shule za ufundi za mji zingeweza kuanza na moteri moja kuukuu iliyofungwa kwenye meza, yenye turbo na kipimo cha presha. Nayo meya na polisi ya barabara watangaze sasa, kabla chupa ya kwanza haijafungwa kwenye gari, kwamba nosi hairuhusiwi kutoka Kalundu mpaka Kamanyola.